Mwalimu wa Asante

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa katika habari hii. Wenzangu walipokwenda Maganzo kuchekecha mchanga wa almasi, na wengine wakapotelea kwenye mapori ya Bulyanhulu wakifuata dhahabu, mimi nilikuwa jikoni kwa mama namenya viazi. Kidato cha nne nilimaliza. Cheti nikakiweka chini ya godoro, na godoro nikalilalia. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa mtu anayepiga hodi kwa sauti kubwa. Lakini katika vyote nilivyowahi kuviogopa, hakuna kilichonitesa muda mrefu kama mzee mmoja mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka, ambaye kazi yake kwetu ilikuwa kutufundisha kusema asante kwa Kiingereza.

Tulimwita Mwalimu, ingawa serikali haikuwahi kumwajiri ualimu. Alikuwa amewafulia na kuwapigia pasi Wazungu kwa miaka mingi, upande wa almasi, na alipohamia kijijini kwetu alikuja na baiskeli, sanduku la bati na Kiingereza. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari na kuogea majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba Wazungu wa kupima dhahabu wanatafuta wapishi, wabebaji na walinzi. Basi watu wazima tisa, mimi nikiwa mmoja wao, tukawa tunakutana naye saa kumi alasiri kwenye baraza la ghala la pamba.

Mimi nilikwenda kwa kusukumwa na mama, aliyechoka kuniona jikoni. Siku ya kwanza nilijigamba kidogo kwamba Kiingereza ninacho. Mwalimu alinitazama kuanzia kandambili hadi nywele.

"Wewe unacho cha mtihani," alisema. "Hicho hakijawahi kumshukuru mtu."

Tulipomuuliza kwa nini hatufundishi na maneno mengine, kama nyundo, sufuria, au nipe mshahara wangu, alijibu kwamba Mzungu akishakuajiri, maneno ya kazi atakufundisha mwenyewe kwa kukufokea. Asante ndiyo lazima uje nayo kutoka kwenu.

Na asante zake alikuwa nazo kwa saizi, kama muuza viatu. Ukipitishiwa chumvi, "Thanks" inatosha, wala usimtazame mtu usoni. Ukipewa kiti, "Thank you." Ukipewa chai ya maziwa, unaongeza "very much." Ukipandishwa kwenye Landrova wakati mvua inanyesha, unasema "How kind of you," na unaisema ukiwa umeshakaa, maana wengine hushukuru wakiwa bado chini na gari likaondoka. "Much obliged" ni ya wazee wao wenye fimbo. Kijana akiisema watamcheka. Na ukipewa kazi, hapo ndipo unaposimama wima na kusema, "I am very grateful to you, sir," na ile "sir" uiache nyuma kama mkia.

Alikuwa na beseni bovu la kufanyia mazoezi. Anakuletea mbele ya pua.

"Nakupa nini?"

"Beseni, Mwalimu."

"Hapana! Nakupa kazi ya miaka miwili, na chumba, na buti. Shukuru!"

Ukishukuru kwa sauti ya chini, anakupeleka kando ya barabara ushukuru kila anayepita. Nimewahi kumshukuru mtu aliyebeba mzigo wa mtama kichwani hadi akautua chini akidhani namdai. Nilikuwa naogopa kwenda darasani na naogopa kutokwenda. Kitandani asubuhi, kabla sijafumbua macho, mdomo wangu ulikuwa tayari unashukuru.

Mwanafunzi pekee asiyemwogopa alikuwa Mama Kulwa, jirani yetu, mwanamke wa maneno. Tulipofika kwenye jibu la asante, lile la "Don't mention it," na Mwalimu akatuambia maana yake ni usitaje, Mama Kulwa aliinua mkono.

"Lakini si tumeshataja, Mwalimu?"

"Basi usirudie."

"Na akinipa tena?"

"Mama Kulwa, kaa chini."

Huyo huyo siku moja alimletea jogoo, kwa sababu ya kufundishwa bure. Mwalimu alifurahi, na furaha ilimponza. Alishika kifua akasema, "You shouldn't have," kisha, kwa kuwa hawezi kuacha neno bila kulifafanua, akatuambia maana yake ni kwamba hukupaswa kufanya hivi. Mama Kulwa akamtazama. Akamtazama jogoo.

"Kumbe sikupaswa?" Akamrudisha jogoo kwapani na kuondoka naye. Tulicheka wiki nzima. Mwalimu hakucheka. Alipenda sana nyama ya kuku.

Lakini kuna jambo tulilolichunguza kwa muda kabla ya kuliamini: mtu huyu mwenye asante za kila saizi hakuwahi kumshukuru yeyote kwa lugha zetu. Si kwa Kiswahili, wala hakuwahi kusema "wabeja," ambalo hata mtoto wa Kisukuma anayetambaa analijua. Ukimpa maji, anakunywa, anakigeuza kikombe juu chini, anakirudisha, anaondoka. Mara ya kwanza mama aliudhika. Asubuhi yake tukakuta mzigo wa kuni mlangoni, umefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Nilipomuuliza alisema, "Asante ya kwetu haina mdomo, ina miguu. Ya Wazungu ndiyo ina mdomo." Ndivyo alivyokuwa. Kijiji kizima kilikuwa na kuni zake.

Jambo la pili lilikuwa la kuchekesha zaidi. Mwalimu tuliyemwogopa namna ile alikuwa mwoga. Alikuwa anaogopa ng'ombe, katika kijiji ambacho ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. Jioni mifugo ikirudi, alikuwa anapanda juu ya marobota ya pamba na kuendelea kufundisha akiwa huko juu, ananyoosha kidole kama padri kwenye mimbari. Na zaidi ya ng'ombe aliogopa mkusanyiko. Akiona watu wamesimama mahali, alizunguka nyuma ya nyumba na kupita mashambani, hata kama kuna tope. "Wawili wanazungumza," alikuwa akisema. "Watano wanaamua." Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani nimepata mwenzangu.

Somo moja tu la Mwalimu lilikuwa la kufunga mdomo. Mtu aliuliza, nadhani kwa utani, mganga akikupa dawa unashukuru kwa saizi gani. Mwalimu aliweka beseni chini. Akatazama barabarani, kushoto na kulia.

"Hakuna saizi," alisema kwa sauti ndogo. "Dawa haishukuriwi. Si kwa Kiingereza, si kwa lugha ya malaika. Unapokea, unageuka, unakwenda. Ukishapona ndipo unarudi na kuku wako. Ukishukuru kabla, umemrudishia mwenyewe dawa yake, na mgonjwa wako amebaki na majani."

Hayo tuliyajua toka tukiwa mgongoni kwa mama zetu. Hata hivyo alituambia turudie mara tatu, wote tisa, na Mama Kulwa akarudia bila kutia neno lake. Mimi nilirudia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ndiyo maana sina pa kujificha katika haya yanayofuata.

Mwaka ule mvua zilikawia. Mama alichomwa na mwiba akiwa kisimani, na mguu ukavimba kama mtungi. Wenyewe tukauosha kwa maji ya chumvi, haukusikia. Siku ya tano akanituma kwa bibi mganga, ng'ambo ya bonde.

"Atakupa majani," alisema. "Pokea, urudi. Unajua namna ya kupokea?"

"Najua, mayu."

"Usiseme kitu."

"Sitasema."

Nilifika mchana kweupe, lakini ndani ya ile nyumba hapakuwa na mchana. Kulikuwa na ngozi zinaning'inia, na vibuyu, na kitu kwenye kona kikihema. Baadaye niligundua ni mbuzi. Bibi alikuwa ameketi chini. Hakunisalimu. Alinitazama kwa muda, kisha akanyoosha mkono wenye kifurushi cha majani hadi mbele ya pua yangu, hivi, kama beseni. Sikufikiri lolote. Nilisimama wima na mdomo wangu ukasema, waziwazi, kwa matamshi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatoa: "Thank you very much."

Mkono wa bibi ulibaki hewani.

"Umesema nini?"

"Sijasema kitu, bibi."

"Umesema. Nimesikia. Kwa lugha gani?"

"Ya Mwalimu," nikajibu.

Nilikuwa namaanisha lugha tu. Lakini sasa najua kwamba mtu huanza kuteleza kwa neno la kweli. Bibi akasema, "Haya. Peleka. Tutaona," na akageukia ukutani.

Nyumbani sikumwambia mtu. Mama alifungiwa majani. Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Nilikaa jikoni nikisikiliza anavyohema, nikaahidi kila kitu kwa kila aliye juu, na bado sikusema. Siku ya nne bibi mganga alifika mwenyewe, akautazama mguu, akatoka nje na kuwaambia wajomba zangu kwamba dawa yake ilirudishwa kwa kushukuriwa, na aliyeirudisha yumo humu ndani.

Baraza la wazee liliitwa siku hiyo hiyo, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Filimbi zikalia kila upande, na wanaume wakaja na fimbo zao na pinde zao kama walivyokuwa wakija kwenye mambo ya wezi wa ng'ombe. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole. Ule upole wake ndio ulionitisha zaidi.

"Kijana," alisema, "umeshukuru dawa?"

"Ndiyo, baba."

Sauti ikapita kwenye watu, kama upepo kwenye mtama.

"Wewe si mgeni hapa. Umezaliwa hapa. Nani alikuambia ushukuru?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Jibu lilikuwa dogo: neno lilinitoka kwa hofu, nihurumieni. Lakini niliangalia watu, na watu waliniangalia, na niliona kwamba hofu si jibu wanalolitaka. Walitaka jina. Hata kimya chenyewe kilikuwa kinaniuliza jina.

"Ni Mwalimu," nikasema.

Wanafunzi wenzangu wanane walikuwepo uwanjani. Wote walikuwa wamerudia mara tatu. Nilimwona Mama Kulwa, mwanamke wa maneno, akitafuta kitu kwenye upindo wa kanga yake. Wengine walitazama chini.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "umesikia. Ni kweli?"

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali pa mtu anayetaka kuondoka. Alivua kofia. Alinitazama, na mpaka leo naweza kuyachora macho yale, ila sikuweza kuyasoma.

"Ni kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Wakamtenga. Asipewe moto, asipewe maji, asiuziwe kitu, asisalimiwe, na atakayemsalimu atoe mbuzi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona kutengwa, haya ni maneno tu. Sisi tuliyaona. Mwalimu akiingia dukani, mwenye duka anaanza kupanga viberiti vyake upya mpaka atoke. Kisimani wanawake wanasimama mbele yake kana kwamba hapo hakuna mtu, ni nafasi. Akawa anakwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, peke yake, akipita katikati ya ng'ombe aliokuwa akiwaogopa. Kuni alizokwisha kutufungia sote tulizipikia.

Na mimi? Mimi nilijifungia. Nikitoka, naanza kuchungulia. Mara mbili nilikutana naye njiani, na mara zote mbili aliruka pembeni, akaingia kwenye miiba hadi nipite. Nikasema moyoni, ananidharau mzee huyu, hataki hata kivuli changu kimguse. Nikamwogopa maradufu. Kila siku nilingojea aseme. Neno lake moja lingetosha, na uwanja ungeitwa tena, na safari hii jina lingekuwa langu.

Asubuhi moja alifunga sanduku la bati kwenye baiskeli akaondoka. Nilimwona kupitia ufa wa ukuta wa jikoni. Hakuna aliyemwambia kwaheri, maana kwaheri nayo ni salamu.

Wakati huo wajomba walikuwa wamemlaza mama kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kumpeleka hospitali ya misheni. Walimpasua mguu, usaha ukatoka, akarudi nyumbani na fimbo. Alirudi siku chache baada ya Mwalimu kuondoka. Mnaona jinsi mambo yalivyopangika? Hakuna aliyehitaji ushahidi tena. Mbaya ameondoka, mgonjwa amepona. Mimi mwenyewe kuna siku nilikaribia kuamini.

Nikajitungia na hadithi ya kulalia. Nilijiambia Mwalimu alinipenda, aliona nitaangamia, akajitoa badala yangu. Ilikuwa hadithi nzuri sana. Ilinipa usingizi wa nusu kwa miaka miwili.

Siku moja mama alikuwa ameketi jikoni, mguu ameunyoosha, nami namenya viazi.

"Hivi," alisema, "yule mzee alikuambia kweli?"

"Ndiyo, mayu."

"Mh." Akanitazama mikono. "Hicho kiazi kimekwisha, na wewe bado unamenya."

Nikakiweka chini. Kilikuwa kimebaki kama punje ya njugu.

"Ametajwa kuwa yuko Kagongwa," mama akasema. "Huu mguu natembea nao mimi. Sitaki uwe umekatwa kwa mtu mwingine. Nenda."

Niliazima baiskeli kwa mjomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumshukuru, kwa lugha zote tatu, na kila nilipoyapanga yalikuwa mazuri zaidi. Nilimkuta mchana, chini ya kipenu cha bati, karibu na maduka, anapiga pasi kwa pasi ya mkaa. Kofia ilikuwa ile ile. Aliinua macho.

Pasi ilibaki juu ya shati. Alivua kofia, akasimama, na mzee yule aliyeweza kuwa baba wa baba yangu akainama mbele yangu.

"Shikamoo," akasema.

Sijawahi kusikia neno la kutisha kama hilo. Siwezi kuliitikia, na siwezi kuliacha hewani.

"Mwalimu, usiniamkie hivyo. Mimi ndiye wa kukuamkia."

Alikuwa anatazama nyuma yangu, barabarani. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Wamekutuma?"

"Hapana. Mama amepona. Anatembea."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikatufikia sote wawili. Aliiondoa pasi. Katikati ya shati jeupe palikuwa na tundu la kahawia, lenye umbo kamili la pasi. Alikaa juu ya kigoda polepole.

"Basi umekuja na nini?"

"Nimekuja kukushukuru," nikasema. "Siku ile uwanjani ulinifunika. Nilisema uongo, ukanifunika."

"Nilikufunika?" Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya kwanza, kandambili hadi nywele. "Nani kakuambia?"

"Si ulisema ni kweli?"

"Niliogopa, kijana. Niliziona zile fimbo. Watu wote wale wanakutazama, wanataka neno moja, basi unawapa. Wewe uliwapa jina. Mimi nikawapa ndiyo. Wale wanane wenzako wakawapa kimya. Pale uwanjani hakuna aliyemfunika mtu."

"Na njiani? Mbona ulikuwa unanikimbia?"

"Ningefanyaje? Ulikuwa umesema moja likanitenga. Nilijua siku utakaposema la pili wataniua."

Kumbe wakati ule mimi namwogopa yeye jikoni, naye ananiogopa mimi mtoni.

"Umeshawaambia?" akauliza.

"Nani?"

"Uliowaambia lile la kwanza."

"Bado."

Alilichukua lile shati, akaliinua juu, akanitazama kupitia lile tundu. Sijui kama alikuwa anacheka.

"Basi hukuja kunishukuru," alisema. "Umekuja kupumzika."

Akaanza kulikunja, kwa uangalifu, kama lingali zima. Nilingoja aongeze kitu, tusi au hata beseni. Hakuongeza. Nikachukua baiskeli.

Jua lilikuwa limeinama nilipoingia kijijini. Nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukitokea upande ule. Mama alikuwa ameketi kizingitini, fimbo magotini, na nyuma yake jiko lilikuwa linatoa moshi. Nilipita. Aliniona nikipita, na hakuniita.

Kwa mwenyekiti walikuwa wamekaa wazee, na chungu cha pombe katikati yao.

"Karibu, kijana," mwenyekiti akasema kwa upole wake. "Keti."

Nikasema nitasimama. Miguu ilikuwa inatetemeka hivi kwamba mmoja wao aliuliza kama nina homa.

"Sina homa," nikasema. "Siku ile nilisema uongo. Mwalimu hakuniambia nishukuru dawa. Alitukataza. Nilisema jina lake kwa kuwaogopa ninyi."

Mwenyekiti alikiweka kibuyu chini taratibu, akafuta mdomo kwa kiganja, akaagiza filimbi ipigwe.

Ikalia mara moja, kisha nyingine zikaitikia kutoka upande wa bonde, na upande wa ghala, na nyuma ya nyumba yetu. Nilisikia milango ikifunguliwa. Nikabaki nimesimama pale pale.